Tuonyesheni Hiyo Sheria

Sisi tunaotoa malalamiko haya ni watu wa kawaida tunaopenda kupiga picha. Miongoni mwetu wamo walimu, makarani, mafundi umeme, wauguzi, wauza duka na wanafunzi wa vyuo. Wiki nzima tunahangaikia riziki kama wengine. Jumamosi alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunavaa kamera shingoni na kuingia mtaani. Wengi wetu kamera zetu ni za mtumba, zilizonunuliwa kwa kudunduliza. Picha zenyewe hatuziuzi. Tunazipiga kwa sababu tunaipenda miji yetu na tunapenda mwanga unavyoiangukia asubuhi. Lakini siku hizi tukikutana, badala ya kuzungumzia lenzi na mwanga, tunaulizana nani kazuiwa wapi wiki hii. Tumechoka, na tunataka wenye mamlaka wajue tumechoshwa na nini.

Lalamiko la kwanza ni kwamba mwenye kamera husimamishwa mahali ambapo mwenye simu hasemeshwi. Simama kwenye daraja lolote jipya jioni. Vijana wamejaa wanajipiga picha kwa simu, maharusi wanarekodiwa video, watoto wanarukaruka mbele ya simu za mama zao. Hakuna anayewauliza neno. Mmoja wetu akitoa kamera kwenye begi, hata hajafungua kifuniko cha lenzi, filimbi inalia: “Wewe mwenye kamera, njoo hapa! Nani kakuruhusu?” Tunamsogelea mlinzi kwa adabu, tunamwambia, “Shikamoo afande, tunapiga picha ya machweo tu.” Jibu ni lile lile: hapa hairuhusiwi. Na huku nyuma yake simu zinaendelea kumulika.

Tukiambiwa sababu ni usalama, tunaomba tusikilizwe kidogo, maana vifaa hivi tunavijua. Canon EOS 4000D, kamera ya bei nafuu ambayo wanaoanza wengi huitumia, ina megapikseli 18. Simu ya Samsung Galaxy S23 Ultra, iliyotoka mwaka 2023, ina kamera ya megapikseli 200 na inavuta kitu cha mbali mpaka mara mia. Simu inaandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na inaituma upande wa pili wa dunia kabla mpigaji hajaondoka alipo. Kamera zetu nyingi haziwezi hilo. Ni lazima turudi nyumbani, tutoe kadi, tuichomeke kwenye kompyuta, ndipo picha ionekane na mtu mwingine. Paa za majengo yale yale tunayokatazwa kuyapiga zinaonekana kwenye Google Earth, ambayo iko wazi kwa kila mwenye intaneti tangu mwaka 2005. Mwenye nia mbaya hahitaji kuja na kamera kubwa inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Anayekuja nayo hadharani mchana kweupe ni yule asiye na cha kuficha, na ndiye huyo anayekamatwa.

Sisi kamera hatuibebi kwa maringo. Sensa yake ni kubwa kuliko ya simu, inakusanya mwanga mwingi zaidi, na magharibi ikiingia inaona pale ambapo simu inaanza kubahatisha na kupaka rangi zisizokuwepo. Na kamera inamwachia mpigaji uamuzi: lenzi ifunguke kiasi gani, mwanga uingie kwa muda gani, nini kionekane wazi na nini kififie. Kujifunza mambo hayo kunachukua miaka, na hayajifunziki sebuleni. Yanahitaji barabara, soko, bandari na watu.

Lalamiko la pili ni kuhusu sheria yenyewe. Kila mlinzi ana ya kwake. Mmoja anasema kamera hairuhusiwi kabisa, mwingine anasema inaruhusiwa bila stendi ya miguu mitatu, wa tatu anasema lenzi fupi haina shida ila hiyo ndefu. Ukivuka barabara, unakuta katazo jingine. Tukiuliza imeandikwa wapi, tunaonekana wakaidi. Tukitafuta bango la kukataza, halipo.

Basi tunaambiwa tukatafute kibali. Tumejaribu. Ofisi ya serikali ya mtaa inatupeleka manispaa, manispaa inatupeleka polisi, polisi wanatuelekeza kwa maofisa utamaduni, na huko tunaulizwa filamu yetu inaitwaje na waigizaji ni akina nani. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na anayetengeneza filamu anajua pa kuanzia. Lakini muuguzi anayetaka kupiga picha za milango ya kale siku yake ya mapumziko hana filamu, hana waigizaji wala bajeti. Anazungushwa ofisi nne kutafuta karatasi ambayo hakuna ofisi inayoitoa, kisha anarudi mtaani na kuulizwa karatasi hiyo hiyo.

Lalamiko la tatu ni pesa. Tunalisema wazi kwa sababu kila mmoja wetu limemkuta. Maneno yanaanza kwa ukali, yanapanda mpaka kwenye kutishiwa kituo, halafu yanashuka ghafla: “Sasa tunamalizaje hili jambo?” Hapo inatakiwa ya maji, ya soda au ya nauli. Risiti haitolewi. Kosa lililokuwa la usalama wa nchi dakika tano zilizopita linaisha kwa noti moja. Kama kweli tulikuwa hatari kwa taifa, noti hiyo imeiondoaje hatari?

Na kinachouma zaidi ni kuona mgeni akipita. Watalii wanakuja na kamera zenye thamani ya mishahara yetu ya mwaka mzima, na lenzi ndefu kama mkono. Wanakaribishwa, wanachekewa, wanaonyeshwa pembe nzuri ya kusimama. Hatuwaonei wivu, ni wageni wetu na tunafurahi wakiipenda nchi. Lakini haiwezekani mtoto aliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, aulizwe anafanya nini Mji Mkongwe, huku mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana akipiga picha dirisha lile lile bila kuulizwa jina. Matokeo yake tunayaona: vitabu vikubwa vya picha za pwani yetu, kalenda na kadi za posta, sehemu kubwa imepigwa na macho ya watu wa mbali.

Wenzetu wa kike wana mzigo wa ziada. Wao wanaulizwa kibali, kisha wanaulizwa wameolewa na nani, nani kawasindikiza, na kwa nini wako barabarani saa hizo. Baadhi yao wameacha kutoka peke yao. Wengine wameuza kamera.

Lalamiko la nne, na hili tunalisema kwa uchungu, ni kulazimishwa kufuta picha. Mlinzi anachukua kamera asiyoijua, anabonyeza asichokijua, na kazi ya miezi inapotea pamoja na picha za ubatizo wa mtoto na maziko ya babu zilizokuwa kwenye kadi hiyo hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe. Sasa mlinzi wa getini anapata wapi mamlaka ya kuiharibu? Hata kiusalama kitendo hicho hakina maana. Picha iliyofutwa kwenye kadi kwa kawaida inabaki pale pale. Kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha, mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Mtaalamu mwenye programu ya kurudisha mafaili huipata jioni ile ile. Anayeipoteza moja kwa moja ni mama aliyekuwa hajui kwamba angeweza kuiokoa.

Huenda mtu akasema kuna shida kubwa zaidi nchini kuliko hii. Zipo. Lakini tuangalie kinachopotea. Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Soko la Kariakoo, na ile miamvuli yake ya zege iliyosanifiwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Mambo kama hayo yakitokea, ndipo kila mtu anaanza kutafuta picha: nguzo zilikaaje, nakshi zilikuwa za namna gani, wauza viungo walikaa upande upi. Fundi anayekarabati jengo la kale anazihitaji picha hizo kama anavyohitaji chokaa. Picha rasmi huwa chache, nazo huwa za siku ya uzinduzi, viongozi mbele na jengo nyuma yao. Zile za siku ya kawaida, zinazoonyesha jengo likitumika, zinapigwa na watu kama sisi. Kila tunapofukuzwa, ushahidi huo unapungua.

Wazee wetu walijua thamani yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Leo anayetaka kuiona Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, barabara zake, sherehe zake na sura za watu wake, anazitafuta picha zao. Mpiga picha Mohamed Amin alianza na kamera ya boksi aina ya Brownie akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix katika jiji hilo hilo. Picha alizorekodi Ethiopia mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu uione njaa ambayo ulikuwa umeipa kisogo. Mwanafunzi wa leo anayetoka na kamera yake ya kwanza anakutana na filimbi kwenye kona ya kwanza. Wangapi wamerudi nyumbani siku hiyo na wasitoke tena?

Hatudai kupiga picha kila kitu. Kambi ya jeshi ni kambi ya jeshi, gereza ni gereza, na pakiwa na bango tunalitii. Droni zina kanuni zake, na anayerusha bila kibali atabeba mzigo wake mwenyewe. Tunajua pia kwamba watu wana staha zao. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza nguvu. Kwetu sisi, kumpiga picha mama muuza samaki bila kumsalimia ni kukosa adabu kabla haijawa kosa. Akisema hapana, kamera inashuka. Mgonjwa, mfiwa na mtoto wa watu hatumpigi picha bila ridhaa ya wenyewe. Wapo wenzetu wanaokiuka haya, na tunawakemea. Lakini Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haki hizo mbili zinaweza kukaa pamoja zikiwekewa utaratibu unaosomeka. Haziwezi kukaa pamoja utaratibu ukiwa ni hasira za mlinzi wa zamu.

Wengine wameshapita njia hii. Uingereza, baada ya sheria za kupambana na ugaidi, wapiga picha walisumbuliwa barabarani mpaka Januari 2010 wakakusanyika Trafalgar Square, London, kusema kwamba wao si magaidi. Leo Polisi wa London wana mwongozo unaosema wazi kwamba mwananchi hahitaji kibali kupiga picha mahali pa umma, na kwamba askari anayempekua mtu hana mamlaka ya kufuta picha zake. Jiji hilo lenyewe lilishapigwa mabomu kwenye treni na basi mwaka 2005. Kama wao wameweza kulinda watu wao na kuacha kamera zipite, sisi tunashindwa nini?

Tunachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kwanza, utolewe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaosema wapi kamera hairuhusiwi na kwa sheria ipi, na kwamba kwingineko inaruhusiwa. Ubandikwe vituo vya polisi, ofisi za mitaa na kwenye mageti. Pili, palipokatazwa pawekwe bango, na katazo liwahusu wote, mwenye simu na mwenye kamera, mwenyeji na mgeni. Tatu, kampuni za ulinzi ziwafundishe walinzi wao kwamba geti lao linaishia getini, na barabara iliyo mbele yake ni ya wananchi. Nne, asiwepo mtu wa kufuta picha za mwenzake barabarani. Kama kuna kosa, lifuate taratibu za kisheria. Tano, anayedai malipo aandike risiti, na asiyeweza kuandika risiti asidai.

Mpaka mwongozo huo utoke, tumekubaliana jambo moja sisi kwa sisi. Tutaendelea kutoka asubuhi, wawili wawili au watatu watatu, na vitambulisho vyetu mfukoni. Tutasalimia, tutajieleza, na tukikatazwa tutauliza kwa heshima, kila mara na kila mahali: sheria gani, kifungu kipi? Tukionyeshwa, tutaondoka. Tusipoonyeshwa, tutaandika mahali, saa na maneno tuliyoambiwa, na tutayapeleka kwa diwani na kwa mbunge, mtaa kwa mtaa, mpaka mwenye jibu ajitokeze.