Pombe yenye ukungu: juu ya nini ya Ubelgiji ni safi na ya mama ni chafu?

Tuanze na chupa. Katika sherehe moja ya ndoa hapa Butembo, ndugu mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji alileta chupa sita za ile bia nyeupe ya ngano, inayotiwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Jina lake Hoegaarden. Zikafunguliwa kwa meza ya wakubwa. Ilipomiminwa katika glasi, haikuonyesha upande wa pili: ilikuwa na ukungu kama maji ya Kimemi siku ya mvua. Hakuna aliyeguna. Mmoja akasifu: "Mwone, habachuje, banaacha butamu bote ndani." Na hatua kumi tu kutoka pale, nyuma ya jikoni, palikuwa bidoni mbili za kasiksi zilizoletwa na shangazi za bibi arusi, zimefunikwa majani ya mgomba. Mkubwa wa sherehe alikuwa amekataza zisipite mbele ya wageni. Tulipouliza sababu, tukajibiwa: "Ile iko na machicha, ni boisson indigène. Tutasikia haya."

Juu ya ile haya ndiyo tunaandika.

Wenzetu waliosifu zile chupa walidhani wanakunywa maendeleo. Basi wajue wamekunywa nini. Hoegaarden ni kijiji, karibu na mji wa Tienen, ule tuliofundishwa shuleni kwa jina la Tirlemont. Bia ile ilikuwa pombe ya wakulima, ya ngano iliyolimwa pale pale, karibu nusu yake ngano isiyooteshwa, nyingine kimea cha shayiri. Kisha zikaja bia angavu za rangi ya dhahabu kutoka viwanda vikubwa, na wanywaji wakaiacha ya kwao. Mpishi wa mwisho wa kijiji, Tomsin, akafunga katika miaka ya 1950. Ikafa kabisa. Aliyeifufua katikati ya miaka ya 1960 hakuwa injinia wala profesa. Ni muuza maziwa, Pierre Celis, ambaye alipokuwa kijana alikuwa akimsaidia Tomsin kazi, akakumbuka alichoona kwa macho yake.

Yaliyofuata nayo yatufunze kitu. Mwaka 1985 kiwanda chake kikaungua, kampuni kubwa ikaingia na pesa zake, na mwishowe Celis akauza, akaenda kupika Texas. Mwaka 2005 ile kampuni ikatangaza kwamba itafunga kiwanda cha kijiji na kupeleka kazi Jupille. Watu wa kijiji wakapiga kelele. Mwaka 2007 kampuni ikarudi nyuma. Na mwaka 2016 utamaduni wote wa bia wa Ubelgiji ukaandikwa na UNESCO kati ya mirathi ya wanadamu. Ndiyo, nchi ile ile ambayo utawala wake hapa Kongo uliita pombe yetu "indigène". Hatuwalaumu kwa kutunza chao. Tunajilaumu sisi, tunaokunywa ukungu wa kijiji cha wengine na kuficha wa kwetu nyuma ya jikoni.

Maana kasiksi ni kazi, na anayesema ni "maji ya ndizi" hajawahi kusimama karibu na shimo. Kwanza unachagua ndizi za pombe, si za kupika. Unachimba shimo, unalipasha moto, unalitandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo. Beni kuna joto, ndizi zinaiva haraka; hapa Butembo, juu ya mita 1 700, baridi inachelewesha, na mama anayejua anaongeza siku bila kutazama kalenda: anatia mkono na kunusa. Akifungua mapema, maji hayatatoka. Akichelewa, ndizi imekwisha kuoza. Kisha zinamenywa, zinatiwa katika mtumbwi wa mti, zinakandwa pamoja na nyasi kali mpaka maji matamu yaachane na nyama. Yanachujwa, yanaongezwa maji kwa kipimo. Halafu mtama: unakaangwa, unasagwa kwa jiwe bila kulainishwa sana, unatiwa ndani. Huo mtama ndio unaoleta chachu katika maganda yake, na rangi, na uchungu kidogo unaozuia utamu usichoshe ulimi. Mtumbwi unafunikwa, unavishwa hata blanketi wakati wa baridi. Mama anasogeza sikio, anasikiliza. Povu linaposema kwa sauti ndogo, imekuwa.

Na bila hiyo, mambo gani yalifanyika kwetu? Mbuzi za mahari zilihesabiwa mbele ya kasiksi. Mashamba yalilimwa kwa kuitana, na mwenye shamba alilipa kwa kasiksi. Wazee hawakusuluhisha ugomvi wa mpaka kwa koo kavu.

Sasa tuje kwa vijana wetu. Baada ya ile ndoa, wanne wa chama chetu wakaapa: watapika bia nyeupe wenyewe, hapa hapa. Tuliwaunga mkono, tena kwa furaha, kwa sababu kila kitu kiko. Ngano inalimwa katika milima ya Lubero. Machungwa yanatoka Beni. Maganda yakaanikwa juu ya mabati. Mbegu za giligilani zikatoka bustanini. Kimea cha shayiri hakikupatikana, wakaotesha ulezi. Wakachukua chachu ya mikate, wakatia yote katika bidoni ya litre 20, wakafunga kifuniko kwa nguvu zao zote kama watu waliosoma. Usiku wa pili bidoni ikavimba ikapasuka. Jirani walidhani ni bunduki, na katika siku zetu hizi hiyo si mchezo.

Mama mmoja wa kasiksi wa mtaa ule akaja asubuhi kutazama ukuta. Akasema neno moja: "Pombe inapumua, batoto." Mara ya pili wakaacha nafasi ya hewa, lakini ngano ikawa uji mzito usiochujika, maana ngano haina maganda ya kushika machicha kama shayiri. Wakarudi kwa mama. Akawapa nyasi, zile zile za kukandia ndizi, wazitandike chini ya chombo. Maji yakapita. Bidoni ya tatu ikatoka nyeupe, yenye harufu ya chungwa, na uchachu kidogo ambao sisi tulioupenda tulisema ni wa kusudi.

Watu wakaja kuonja. Vijana wakaitwa wavumbuzi. Mfanyabiashara mmoja akazungumza habari ya chupa na vibandiko. Na yule mama? Hakuna aliyemtaja. Hapo ndipo hasira yetu ilipopanda kweli. Chachu tuliijua kabla ya Bralima, iliyoundwa mwaka 1923 na kutoa Primus yake ya kwanza mwaka 1926. Lakini mpaka leo mwenye kuiga cha Ubelgiji anapigiwa makofi, na mwenye kushika cha kwetu anaambiwa aingilie mlango wa nyuma.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wengine watasema tunatetea ulevi. Mlevi wa Primus na mlevi wa kasiksi wanaanguka katika mtaro mmoja. Mbona mtaro hauwi hoja juu ya Primus? Wengine watataja kanyanga na lotoko. Hapo tunakubaliana nao: pombe kali ya kuchemsha kwa mapipa, ambayo mnywaji hajui nguvu yake wala iliyotiwa ndani, imetuharibia ndugu wengi, na hatutaitetea. Lakini kasiksi haichemshwi kwa mvuke. Inachacha tu, kama bia. Kuzitia zote mbili katika gunia moja la "boisson indigène" ni uvivu wa akili, na uvivu huo tuliurithi kwa wakoloni. Usafi wa maji, ndiyo, tuusimamie. Na ndugu zetu wa makanisa yanayokataza kila pombe, tunawaheshimu. Wao angalau wanakataza na chupa.

Kinachotuogopesha si hoja hizo. Ni kwamba muda umepungua. Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001, ambao Profesa Ndungo Vigheri wa UCG yetu alikuwa kati ya walioutangaza kwa wataalamu, unaua shina zima, na ndizi za pombe hazikusalimika. Upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, tangu mauaji ya mwaka 2014, kwenda shambani kukata mkungu kumegharimu watu maisha yao. Wanaokimbia hawabebi mtumbwi kichwani. Msichana aliyekulia kwa kambi au kwa nyumba ya kupanga mjini hajaona shimo likifunguliwa, na mama yake akifa, atakumbuka nini? Celis alikuwa amemwona Tomsin akifanya kazi. Na chupa nazo si ukuta: mwaka 2025, vita ilipokwisha kuchukua Goma na Bukavu, Heineken, wakati huo mwenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa mali zake kule, ikaondoa wafanyakazi.

Kwa hiyo chama kimekata shauri, na baadhi ya wanachama wamenuna, wanune. Vijana wanne wataendelea na bia yao ya ngano, lakini kwanza watakaa kwa yule mama msimu mzima, watabeba mikungu, watakanda, wataandika vipimo vyake kwa daftari, na jina lake litatangulia yao. Na katika sikukuu yetu ijayo kasiksi itakuwa mbele, kwa meza ya wakubwa, ndani ya vibuyu, pamoja na machicha yake. Mkubwa wa sherehe amekwisha kuambiwa.