Jalebi ya Embe Si Kuchezea Sukari

Wako wenzangu bwenini wanaonicheka tangu nilipowaambia kwamba likizo ya Desemba nilikuwa nikipika jalebi. Wengine husema jikoni si mahali pa mvulana wa kidato cha nne. Wengine, kwamba jalebi ni kitu cha maduka ya mjini, tena jalebi halisi haitiwi matunda. La kwanza sina haja ya kulijibu, maana wasemao hivyo ndio wanaosukumana sana katika foleni ya chakula. La pili nataka kulijibu.

Kwetu ni Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Msimu ukifika, maembe huanguka usiku kucha, na asubuhi hata mbuzi wameyachoka. Mama yangu huuza maandazi, na fedha hiyo ndiyo inayoninunulia sabuni na madaftari. Lakini jirani zetu nao huuza maandazi, na siku nyingine mama hurudi na nusu ya beseni. Nikamwambia, "Mama, tujaribu jalebi, tuitie embe." Baba akasema huko ni kuchezea sukari. Hakukosea sana, kwa kuwa siku ya kwanza tuliharibu kilo nzima.

Kosa lilikuwa langu. Nilichanganya embe lililopondwa na unga. Tunda lina maji, tena lina sukari yake; basi jalebi zikalegea, zikaungua nje na ndani zikabaki mbichi. Mama akasema, "Mwanangu, embe likae katika shira, unga uache."

Tukaanza upya. Unga wa ngano tuliukoroga kwa maji na mtindi kidogo, ukalala usiku mmoja mpaka ukatoa mapovu. Asubuhi tuliumimina kwa kitambaa chenye tundu dogo, tukizungusha mkono, ndani ya mawese ya moto ambayo mama alikwisha kuyachemsha hata harufu ikapungua. Shira ilikuwa sukari, maji ya embe yaliyochujwa, iliki na ndimu. Ndimu msiisahau, maana ndiyo inayozuia sukari isirudi kuwa chengachenga. Huchemshwa mpaka tone likibanwa kwa vidole viwili livute uzi mmoja. Jalebi hutumbukizwa zingali moto, nayo shira iwe vuguvugu. Rangi ilitoka kwa embe lenyewe. Hatukununua ya dukani.

Na hao wasemao kwamba tumeiharibu jalebi ya Wahindi, wajue kuwa Waarabu wana zalabia na Waajemi wana zolbia, ambazo ni ndugu zake. Kila ilikofika ilipata jina na ladha ya watu wa huko. Iweje ifikapo Ilagala ikatazwe embe?

Mama alipeleka sokoni jalebi 60, zikaisha kabla ya adhuhuri. Jioni baba aliuliza kama imebaki hata moja. Sifichi kwamba sukari ni ghali, na ikipanda bei faida yote huenda nayo; kwa hiyo maandazi hajayaacha.

Juzi mama ameniletea habari kwamba maembe yamekwisha, naye anataka kujaribu mananasi. Nimemjibu aanze na nusu kilo.