Mwasho Usiokoma

Maradhi tunayoyazungumzia leo watu huyataja kwa kunong'ona, au hawayataji kabisa. Katika mji kama Tunduma, ambako madereva wa malori hukaa vitini muda mrefu wakingoja kuvuka kwenda Zambia, mwasho au kidonda kwenye njia ya haja kubwa huitwa bawasiri papo hapo. Mtu hununua dawa ya kupaka, ikiisha hununua nyingine, wala mkewe haambiwi.

Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, au fangasi, au minyoo. Lakini yapo maradhi ya nadra yanayojifanya ukurutu, nayo ni saratani. Tabibu Mwingereza, James Paget, aliyaeleza mwaka 1874 katika chuchu za wanawake. Mwaka 1893 matabibu wa Kifaransa, Darier na Couillaud, wakayaeleza katika ngozi iliyo kando ya njia ya haja. Chembe za saratani, ambazo pengine zimeanzia ndani ya njia hiyo au katika utumbo mpana, hutambaa katika ngozi ya juu kama maji yaeneavyo chini ya jamvi. Mwanzoni huenda pasiwe na uvimbe wowote. Pana magamba, unyevunyevu, mwasho, na wekundu ambao kwa ngozi yetu nyeusi ni vigumu kuuona. Wapatwao zaidi ni wazee.

Hatari yake imo katika ile dawa ya dukani. Yaweza kutuliza mwasho kwa muda, mgonjwa akadhani amepona, hali chembe zinaendelea na safari yake.

Kidonda au mwasho uliopita majuma matatu au manne ukitibiwa bila kupona wataka kipimo. Mgonjwa hutiwa ganzi, hukatwa kipande kidogo cha ngozi, nacho hutazamwa kwa darubini. Daktari hupima pia ndani kwa kidole chenye glavu. Ni dakika chache za haya, si zaidi. Saratani ikiwa ngozini tu, hukatwa sehemu hiyo. Ikiwa imetoka ndani, upasuaji ni mkubwa, na huenda mgonjwa akaishi na mfuko wa haja tumboni. Aina iliyo ya kawaida zaidi mahali hapo, isababishwayo hasa na virusi vya papiloma na inayowaandama zaidi waishio na VVU, ni jambo jingine: tangu kazi ya Norman Nigro wa Detroit mwaka 1974, hutibiwa kwanza kwa mionzi na dawa. Ndiyo maana darubini hutangulia kisu.

Aliyeko Tunduma aanzie kituo cha afya, kisha hospitali ya mkoa huko Vwawa, ama ya rufaa Mbeya. Ikihitajika mionzi, hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, au Bugando, Mwanza. Asafiri na karatasi ya majibu ya kipimo, maana ndiyo atakayoulizwa kwanza.