Msitukalishe Kitini

Mwanaume wa huku Kyerwa akirudi kutoka kutibiwa saratani ya tezi dume, kitu cha kwanza anachopewa ni kiti. Kinawekwa barazani, kinaongezewa mto, na kuanzia siku hiyo jembe si lake tena, panga si lake, hata maji ya kunawa analetewa na mjukuu. Watoto wanapiga simu kutoka Mwanza na Dar es Salaam: "Baba, wewe pumzika tu." Majirani wanakuja na kuku, wakiaga wanasema hivyo hivyo. Nia yao njema. Lakini kiti kile kinatumaliza, na nasema haya kwa kuwa nami nilikalishwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kibanja changu kiko upande wa Nkwenda, migomba na kahawa. Nachomwa sindano inayozima homoni ya kiume, maana homoni hiyo ndiyo inayoichochea saratani hii ikue. Wenzangu wengi hawaimudu sindano, kwa hiyo hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, ambao hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo na kwa mara moja. Vijijini jambo hilo husemwa kwa kunong'ona, na aliyefanyiwa hujifungia ndani. Basi wacha nilitamke mimi: ni tiba kama tiba nyingine.

Tusichoelezwa vya kutosha ni kwamba homoni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitunza misuli na mifupa. Ikizimwa, misuli inanywea, mafuta yanajaa tumboni, mifupa inapungua uimara, sukari inapanda kirahisi, na unaingia uchovu ambao hata ulale vipi hauondoki. Mapaja yangu yalikwisha nikaanza kukaza mkanda, huku tumbo likinitangulia. Usiku linapanda joto la ghafla, unatupa blanketi, jasho linakutiririka, halafu muda si mrefu unalitafuta blanketi hilo kwa baridi. Mke wangu alicheka sana. "Sasa umejua tuliyoyapitia sisi," akasema.

Mtu wa hali hiyo ukimkalisha, unaisaidia dawa kumla. Hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya wanaume 155 waliokuwa kwenye tiba ya homoni: waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 12 walipungukiwa na uchovu na wakapata nguvu, kuliko wale walioachwa waendelee na maisha yao ya kawaida. Denmark nako walifanya jambo ambalo ningelisikia kijiweni ningesema ni uongo. Waliwaingiza wazee wa umri wangu, wote wanatibiwa kwa homoni, kwenye uwanja wa mpira wa miguu. Wapo walioumia wakicheza, hilo watafiti hawakulificha. Lakini baada ya wiki 12 misuli ya wachezaji ilikuwa imeongezeka, wakati dawa ilikuwa inavuta upande wa pili. Sisemi wazee wa Kyerwa tuvae jezi. Nasema kama mwenzetu anaweza kukimbizana na mpira, sisi kusimama na kutembea hakuwezi kutushinda.

Wapo watakaonijibu kwamba mkulima hafundishwi mazoezi. Nimeisikia hoja hiyo Kayanga, nimeisikia Omurushaka, na ina nusu ya ukweli. Ukweli ni kwamba tulizoea kazi. Lakini aliyerudi kutoka hospitali, wanawe wameshamwajiria vibarua, yeye anasimamia kwa macho. Kazi yenyewe ina msimu: ukishavuna na kuanika kahawa ya maganda, miezi inapita bila mzigo wa maana. Kisha kupalilia umeinama tangu asubuhi kunauchosha mgongo bila kuyajenga mapaja. Na kubeba mkungu wa ndizi kichwani, kazi tunayojivunia kuliko zote, ndiyo hasa inayoweza kumvunja mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo kabla ya yote muulize daktari: mifupa yangu iko salama? Na maumivu ya mgongo yakizidi, miguu ikifa ganzi au ikiisha nguvu ghafla, au ukashindwa kuzuia haja, usisubiri kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyeninyanyua mimi ni dada mmoja mtaalamu wa tiba ya mazoezi, tena tulikutana kwa bahati tu, maana hakuna aliyenielekeza kwake. Aliniambia nikae kwenye benchi, nikunje mikono kifuani, nisimame bila kushika kitu. Nikashindwa! Mimi niliyepanda mlima kwenda kufundisha kwa miaka yote ile. Akaweka mto juu ya benchi ili nisishuke sana, nikaweza. Ndiyo ikawa dozi: kusimama na kukaa mara kumi, pumziko, kisha tena. Mto ukaja kuondolewa. Vikaongezwa vidumu vya lita 5, kimoja kila mkono, mwanzo vikiwa nusu, kusukuma ukuta, kusimama kwa mguu mmoja karibu na nguzo ya baraza, kwa sababu mwenye mifupa dhaifu hatakiwi kuanguka. Hayo siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tatu natembea nusu saa kwa mwendo wa mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kwa vilima vyetu mwendo huo unaupata upesi.

Waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi yenyewe wana la ziada, la mkojo unaovuja. Mpira wa mkojo ukishatolewa, na daktari akiruhusu, unakaza misuli ile unayotumia kuukata mkojo katikati, unahesabu, unaachia. Mazoezi haya hayaonekani na mtu. Unaweza kuyafanya kanisani, hasa mahubiri yakirefuka.

Mionzi ni habari nyingine. Kwa wengi wetu maana yake ni Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam: siku nzima au zaidi kwenye basi, halafu wiki kadhaa za kulala kwa ndugu, unakwenda siku 5 kwa wiki kwa ajili ya dakika chache mashineni. Muda unaobaki watu wanaulalia. Hapo ndipo kutembea kunapohitajika kuliko popote, maana uchovu wa mionzi nao unapungua kwa mtu anayejongea.

Kinachonikera ni kwamba kwenye kadi yangu kila kitu kimeandikwa: jina la dawa, tarehe ya sindano, kipimo cha damu. Kuhusu mwili wangu ufanye nini nyumbani, hakuna hata mstari. Naziomba halmashauri zote mbili, ya Karagwe na ya Kyerwa: mgonjwa wa tezi dume asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajaonana na mtaalamu wa mazoezi, na alichoelekezwa kiandikwe kwenye kadi kama dawa, mara ngapi na kwa muda gani. Dozi hii haisubiri gari la Bohari ya Dawa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za mama na mtoto, wafundishwe kumuuliza na mzee: leo umesimama mara ngapi?

Kejeli zitakuwepo. Kijana wa bodaboda aliniona na vidumu vyangu akapaza sauti: "Mwalimu, unajiandaa kuoa tena?" Nikamjibu kwamba namwandalia yeye nafasi kwenye kile kiti, kwa vile yeye kazi yake ni kukaa tu.

Sasa tumekuwa kikundi kidogo, wengine wanatibiwa, wengine wamesindikiza tu. Tunapanda kilima jioni jua likipoa. Anayetaka kuungana nasi aje na fimbo na viatu visivyoteleza. Mwenye rubisi yake aiache nyumbani, atainywa akishashuka.