Majivu ya Iceland na Riziki ya Mfanyakazi

Tarehe 14 Aprili 2010 mlima Eyjafjallajökull, ulioko kusini mwa Iceland, ulipasuka chini ya barafu yake. Majivu yakapaa angani, upepo ukayachukua kuelekea Ulaya. Kesho yake anga la Uingereza likafungwa, na nchi nyingi zikafuata. Kwa muda wa siku sita hivi safari za ndege zipatazo 100,000 zilifutwa, na abiria wapatao milioni 10 wakataabika.

Wako waliosema kwamba serikali zile ziliogopa kivuli. Sisi hatukubaliani nao. Majivu ya volkano si majivu ya kuni; ni chembe za mawe na kioo. Ziingiapo katika injini huyeyuka kwa joto, kisha hugandamana ndani na kuziba njia ya hewa. Mwaka 1982 ndege ya British Airways ilizimikiwa na injini zake zote nne karibu na mlima Galunggung, kisiwani Java. Mwaka 1989 mkasa uo huo ukaipata ndege ya KLM huko Alaska, kwa majivu ya mlima Redoubt. Zote mbili zilitua salama, lakini hakuna serikali yenye haki ya kuyachezea kamari maisha ya watu. Wahenga walinena: kawia ufike.

Kosa lilikuwapo, ila lilikuwa jingine. Hapakuwa na kipimo kilichokubaliwa cha majivu ambayo injini yaweza kuyastahimili. Kipimo hicho kilipatikana Uingereza tarehe 20 Aprili, baada ya mashirika ya ndege kulia hasara kwa siku kadhaa. Lililowezekana katika wiki moja ya dhiki, kwa nini halikufanywa katika miaka ishirini ya amani tangu Redoubt?

Wala hasara haikukomea Ulaya. Huko Naivasha, Kenya, maua yaliyokwisha kukatwa yalikosa ndege, na ua halina subira. Yakatupwa, na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ilimpa abiria aliyekwama haki ya chakula na malazi, na mwaka 2013 Mahakama ya Umoja huo ikathibitisha kwamba hata volkano haiiondoi haki hiyo. Ni sheria njema. Lakini mchuma maua, aliyekwama kwa majivu yale yale, hakuwamo ndani yake.

Ndugu wasomaji, mlima hauamriwi, nao utapasuka tena. Mapatano ya kazi huandikwa na watu. Basi vyama vya wafanyakazi na waajiri waandike mapema, wakati anga li jeupe, nani atamlipa mfanyakazi siku ambayo ndege haikuruka. Tukingoja majivu yatande, tutakuwa tumechelewa.