Gagulo la Pamba na Mkono Ulioachwa

Wasomaji wetu, kina mama na mabinti, juma hili twafungua sanduku la nguo za kale. Katika jimbo la Provence, kusini mwa Ufaransa, gagulo la karne ya 18 halikuwa vazi la kudharauliwa. La kila siku lilitiwa pamba ndani ili kuzuia baridi. La harusi lilikuwa jeupe tupu, na urembo wake wote ulitoka katika mshono.

Kazi hiyo huitwa boutis. Vitambaa viwili vyembamba vya pamba hulazwa kimoja juu ya kingine, vikashonwa kwa bandi ndogo ndogo kufuata michoro ya maua, zabibu na makomamanga. Kisha mshonaji hupenyeza nyuzi nene za pamba kwa upande wa nyuma, tawi baada ya tawi, hata michoro ikavimba kana kwamba imechongwa. Nguo hiyo ikiinuliwa mbele ya taa, palipojazwa huwa na kivuli, na pasipojazwa hupitisha nuru. Na pamba hiyo haikuota Provence: ililetwa bandari ya Marseille kwa marikebu kutoka Sham na Misri.

Katika karne hiyohiyo, wafumaji wa Uingereza walibuni njia ya kuiga sura ya kazi hiyo kwa mtambo. Nguo zikapatikana kwa wepesi na kwa bei nafuu, na katika karne ya 19 mikono ikaanza kuiacha sindano. Ilihitaji juhudi za wapenzi wa karne ya 20 kuifufua, na leo mji mdogo wa Calvisson una makumbusho yake.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Sisi nasi tuna kofia za vito, zinazodariziwa kwa subira ya miezi, nazo zinashindana sokoni na kofia za cherehani. Makumbusho huhifadhi nguo. Mkono hauhifadhiwi ila kwa kufundishwa. Basi nguo ya bibi tuifunge kwa kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa plastiki. Tuiepushe na jua na unyevu, na tubadilishe mikunjo yake mara kwa mara isije ikakatika. Na wakati bibi yungali nasi, tumketishe binti kando yake, ampe sindano na uzi.