Falsafa Ilizaliwa Sokoni

Ndugu mwanafunzi,

Hapa Mutakura nimelisikia neno hili mara nyingi, hata vinywani mwa wasomi: "Kiswahili ni lugha ya soko; ukitaka kufikiri, tafuta Kifaransa." Nawe umelikubali, ukaona haya kujibu kwa lugha unayoitumia kila siku. Leo nalipinga, na shahidi wangu ni Mgiriki.

Socrates alizaliwa Athens yapata mwaka 470 kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa mchonga mawe, mama yake mkunga. Hakutoza ada wala hakuandika kitabu. Habari zake tumezipata hasa kwa wafuasi wake, Plato na Xenophon. Darasa lake lilikuwa soko. Alimwuliza mwanajeshi maana ya ujasiri, mwanasiasa maana ya haki. Na aliyejidai mjuzi alijikuta hana jibu.

Mwaka 399 kabla ya Kristo alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana. Plato anasimulia kuwa Socrates aliwaomba mahakimu wamvumilie, kwani angejitetea kwa maneno yaleyale aliyoyazoea sokoni, penye meza za wabadilisha fedha. Basi anayetucheka kwa lugha ya soko la Ruvumera, na amcheke Socrates pia!

Watadai kwamba Kiswahili hakina msamiati. Haki, dhamiri, hoja, hekima, wajibu: je, haya si maneno? Hata "falsafa" yenyewe ilitoka Ugiriki, ikapitia Kiarabu, ikatufikia sisi. Tulichopungukiwa si maneno, ni maswali.

Na maswali yana gharama. Watawala Thelathini wa Athens walipomwamuru Socrates na wenzake wanne wakamlete Leon wa Salamis ili auawe bila haki, yeye alikwenda zake nyumbani. Baadaye, alipohukumiwa kifo, rafiki yake Crito alitaka kumtorosha gerezani. Alikataa kuzivunja sheria za mji wake, akanywa sumu. Huyo ndiye raia: hakuitumikia dhuluma, wala hakuikimbia sheria.

Kwa hiyo, kesho darasani usinirudishie tu fasili niliyoiandika ubaoni. Inua mkono uniulize: "Mwalimu, haki ni nini?" Uliza kwa Kiswahili, bila haya. Nikishindwa kujibu, tutaitafuta pamoja.